Kuku wa Kengele na Mapumziko ya Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Haya, simu, andika. Unaandika? Naona vijidudu vyeusi vinatembea kwenye kioo. Binti yangu anasema vijidudu hivyo ndiyo maneno yangu. Mimi kusoma sijui, kwa hiyo nakuamini kama ninavyomwamini muuza nyama akiniambia mfupa ni mdogo.

Simu hii nimepewa leo. Si zawadi! Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Siku hizi anakupa simu. Binti yangu, kitinda mimba wangu, fundi cherehani, amenikalisha kwa upole kabisa, akaniambia mama, ukiwa na neno na mimi niko kazini, liambie hiki kidude, kitaliandika, nami nitalisoma kwenye simu yangu nikipumzika. Atasoma! Mtu asiye na dakika ya kunisikiliza, dakika ya kunisoma ataitoa wapi? Basi humu nitasema yangu ya moyoni. Tuko wawili tu, mimi na wewe, na wewe mdomo huna.

Chanzo cha yote ni kuku.

Si kuku wa kula. Ni saa ya jikoni, ya plastiki, ile ya kuchemshia mayai, imetengenezwa umbo la kuku. Unamsokota shingo, anaanza tik tik tik, dakika ulizompa zikiisha analia kriiing mpaka meno yanauma. Kuku wa kweli ukimsokota shingo hivyo anakuwa kitoweo. Huyu ndiyo kwanza anaingia kazini! Binti yangu kafundishwa na mshonaji mwenzake huko: unashona dakika ishirini na tano, mlango umefungwa, husemi na mtu. Kuku akilia, unapumzika dakika tano, nazo anazihesabu akalia tena urudi kazini. Kisha unamsokota tena. Eti ndiyo akili haichoki na mgongo haupindi.

Dakika tano! Mimi dakika tano bado nasalimia.

Ninavyokwambia, sisi tulifanya kazi. Mimi nilikuwa dobi, tena dobi wa mashuka, si wa vitambaa vya mkono. Kulikuwa na lile karo refu la saruji, wanawake huku na wanawake huku, mabomba katikati. Tulifua na kusema, tukasema na kufua. Ungekuja pale ukauliza nani anafanya kazi na nani anapumzika, ungecheka mwenyewe. Vyote vilikuwa humo humo kwenye povu. Na huyu binti nilimweka kwenye kapu juu ya mashuka makavu, kichwa tu kinaonekana, na mdomo wake haukufunga! Mama, maji yanakwenda wapi? Mama, povu linakufa? Mama, shuka hili nani alilikojolea? Alisema asubuhi mpaka jua linageuka. Nikimbeba kurudi nyumbani bado ananisemea sikioni.

Yale maneno yake yamekwenda wapi? Hilo ndilo najiuliza. Mtu hawezi kuwa na maneno mengi hivyo halafu yakaisha.

Sasa ana kazi ya mapazia ya nyumba ya wageni. Mwenye nyumba nimempa jina Bwana Mapazia. Anayataka Jumamosi. Binti yangu ameniahidi, na ameshika mkono wangu alipoahidi: akimaliza Jumamosi, Jumapili yote ni yangu. Kuku atalala kabatini. Atanisuka nywele, nitasema mpaka nichoke. Siku nzima! Haijatokea tangu mvua za mwaka juzi.

Subira huvuta heri, nakubali. Lakini ya kwangu kamba yake imekatika. Nimepata mpango. Kesho namsokota yule kuku mimi.


Jumanne, tarehe 5 Machi

Ushindi!

Niliingia na glasi ya maji. Nikasema mwanangu kunywa, ushonaji unakausha koo. Alipoinua glasi, mkono wangu ukapita kwenye shingo ya kuku kama unafuta vumbi. Kidogo tu. Nikatoka nikafunga mlango kwa adabu. Sijakaa sawa kwenye kigoda, kriiing!

Nikajifanya nashangaa. Nikasema loo, zimekwisha? Akasema leo dakika zina mbawa. Akanyoosha miguu ukumbini, nami nikamweleza habari ya paka wa jirani aliyezaa ndani ya kiatu. Mara ya pili nikaingia na ufagio, kufagia nyuzi. Kriiing! Mara ya tatu nikaenda kumuuliza kama kuna baridi. Kriiing! Habari ya paka yule niliimaliza yote, nikaingia kwenye ndoa ya jirani mwenyewe.

Ila kuna jambo jipya silipendi. Kuku akilia, binti hatoki mara moja. Anabaki ndani kidogo, mlango umefungwa, halafu ndipo anatoka, uso umechangamka. Anafanya nini humo? Muda wenyewe ni kijiko, na yeye anaunywa nusu peke yake.

Jioni akahesabu mapazia. Akasema kwa mwendo huu Jumapili itakuwa ya kushona, mama, pole. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua pa kushika. Akaniangalia tu hivi, kichwa upande, kama mtu anayeangalia tundu la sindano.

Loo! Kumbe kila dakika niliyoiba huku nimeikata kule, kwenye Jumapili yangu mwenyewe! Nimekula mbegu.

Basi mpango wa leo nauacha. Kosa ni kumwachia kuku aseme. Dawa ni kuku asiwepo kabisa. Kuku asipokuwepo, hakuna kengele; hakuna kengele, hakuna sheria; hakuna sheria, tutarudi kama zamani, yeye anashona na mimi nasema. Kesho akienda kuoga namficha kwenye ndoo ya unga.


Jumatano, tarehe 6 Machi

Ajabu! Asubuhi nimeamka nikakuta kuku amefungwa lastiki kwenye shingo ya cherehani, mafundo matatu. Nani kamwambia? Sikumwambia mtu. Nilikuambia wewe tu, na wewe ulikuwa chini ya mto wangu. Nadhani ni yule kuku. Kitu kinachohesabu mchana kutwa hakikosi kusikia.

Lakini mikono iliyofungua mafundo ya nguo za watu maisha yake yote, itashindwa na lastiki? Alipoingia bafuni, nikafungua. Kuku ndani ya unga, kifuniko juu, mimi kwenye kigoda, uso kama maji ya mtungi.

Akatoka kuoga. Akaingia chumbani. Nikamsikia anasimama. Nikangoja kelele. Hakuna! Akafunga mlango, cherehani ikaanza.

Nikasema vizuri, sheria imekufa. Nikagonga. Akasema mama, kuku hajalia. Nikangoja. Nikagonga tena. Akasema bado hajalia. Atalia vipi naye yuko kwenye unga! Na hilo siwezi kulisema!

Simu, sijapata kuona. Yule mtoto alishona asubuhi yote bila kuinua kichwa. Hakuna wa kumwambia acha, naye mwenyewe hajui kuacha. Kazi ilimchukua kama mto unavyochukua kandambili. Nilimwekea chakula kikapoa, nikakipasha, kikapoa. Nilikaa na habari yangu mapajani, nzuri tena, ya mwanamke aliyekwenda kuposea mwanawe akarudi ameposwa yeye. Nikaisema peke yangu kwa sauti ndogo kujaribu. Haina ladha. Habari bila mtu wa kusema "ehe!" ni chai bila sukari.

Tik tik tik ile niliyoichukia, nikaitafuta masikioni.

Nikachungulia tundu la funguo. Nikaona mgongo wake tu, umeinama, bega moja juu. Bega la babake. Nikaona anajikanda shingo kwa mkono mmoja, mkono mwingine unasukuma kitambaa. Hapo nikashindwa. Nikaenda kwenye ndoo, nikamtoa kuku, mweupe kama maiti, nikamsokota shingo kidogo, nikamweka mlangoni. Kriiing!

Akafungua. Akamtazama kuku, akanitazama mimi, unga mpaka viwiko. Akasema naona kuku amekwenda kusaga. Nikasema ndiyo, na foleni ilikuwa ndefu.

Alikula amesimama. Nikamkanda shingo. Dakika tano zilikwisha kabla yule mwanamke hajafika kwa wakwe.


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimefikiri. Adui akikushinda mlangoni, ingia jikoni kwake. Nimemwambia binti nitamsaidia kupiga pasi. Mimi na pasi tunajuana tangu pasi ya mkaa. Akakubali haraka mno, kama aliyekuwa ameshalitarajia. Akaniambia mama karibu, ila kuku akihesabu, kimya. Nikasema kimya? Mimi? Kimya ndiyo jina langu la pili!

Basi nikaingia. Sijakaa chumba kile mchana siku nyingi. Kuna harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na vumbi la nyuzi linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Mapazia rangi ya kunde yamelala kitini, kitandani, mlangoni. Yeye ana pini mdomoni. Nikajiambia kumbe ndiyo maana hasemi, mdomo umejaa pini. Anakunja upindo, anapitisha kidole, anashusha mguu wa cherehani, grrrr. Mimi napiga pasi. Mvuke. Tik tik tik.

Tulikuwa wawili chumba kimoja, tunafanya kazi moja. Kama karoni! Kilichokosekana ni maneno tu. Nilijishika, simu. Nilijishika kwelikweli. Lakini maneno ni kama maziwa jikoni, ukisema ngoja nigeuke kidogo yameshamwagika. Nikakumbuka siku alipoanguka ndani ya kapu la mashuka akalala humo, nasi tukamtafuta mpaka kwa mwenye bomba. Nikamtazama. Nikaona nyusi zake ni zile zile. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema unakumbuka siku ile...

Mkono ukasimama. Pasi ikasimama.

Harufu ndiyo iliyonikata kauli. Pazia la chumba cha mbele, katikati kabisa, alama ya pasi, ya kahawia, safi, hata matundu ya mvuke unayahesabu.

Hakunigombeza. Alilikata pazia juu ya alama akasema hili sasa la dirisha la bafuni. Akatoa kitambaa kingine. Akasema mama, kapumzike. Nikatoka na aibu yangu kama mtu aliyebeba beseni linalovuja.

Nikakaa kigodani nikakuambia wewe, kwa sauti ya chini, habari yote ya kapu. Ile niliyotaka kumwambia yeye. Jinsi tulivyomtafuta, na jinsi nilivyolia kwanza halafu nikampiga kikofi kimoja cha makalio halafu nikalia tena, naye akaamka akaniuliza mama, kwa nini umelowa?

Kuku akalia. Na sasa sikiliza hili. Nikasikia kicheko. Ndani! Binti yangu anacheka, mlango umefungwa, peke yake. Anacheka kile kicheko cha kushika mbavu. Sijakisikia siku nyingi. Halafu kikanyamaza, kikaja kitu kama kuvuta kamasi.

Anacheka na nani? Ana simu yake humo. Mumewe alishaondoka zamani, na tukamsindikiza na mabegi ili asirudi kuyachukua. Sasa nani anayekula dakika zangu tano?


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Ni Bwana Mapazia! Nimeunganisha vipande vyote. Mjane, ana nyumba ya wageni, ana suruali yenye mkunjo. Ya nini mwanamume kujali mapazia hivyo?

Amekuja leo kuangalia kazi. Nilimuwahi getini kabla hajagonga. Akasema shikamoo mama. Nikasema marahaba, kaa hapa kwanza. Mpango wangu ulikuwa kumkatisha tamaa kistaarabu. Nikamwambia baba, binti yangu si mtu wa porojo. Nikamwambia huyu hata mimi mamake haongei nami. Anashona amefungiwa na kuku. Kuku akihesabu, nyumba iungue, haonekani. Hana mchezo, hana matembezi, hana simu za saa hizi na saa zile. Mwanamume anayetaka mwanamke wa kucheka naye aende kwingine, hapa atakuta kazi tu.

Nikaona macho yake yanapanuka. Nikajua nimempata.

Akasema mama, kweli? Akasema wallahi mafundi wote wa mji huu nimewachoka, kila ukienda unakuta wanapiga soga. Akasema mtu kama huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Kumbe amejenga banda jipya nyuma ya nyumba ya wageni, vyumba juu na chini, na madirisha yake yote yako uchi. Alikuwa anasita ampe nani. Sasa hasiti tena! Akaingia, akampa binti yangu kazi yote, akatoka ananishukuru kwa mikono miwili.

Nilibaki getini nimeshika komeo.

Mdomo umeniponza kichwa! Nilikwenda kumfukuza mtu, nimemfungulia mlango na madirisha.

Binti ametoka wakati wa mapumziko, anafurahi, akasema mama umenitafutia kazi. Halafu akaniona uso. Akasema Jumapili iko pale pale, ya banda yataanza Jumatatu. Nikasema mimi sikuuliza. Akasema najua hukuuliza.

Kisha akarudi ndani. Nikakuhadithia wewe yote, neno kwa neno, na suruali yenye mkunjo nikaitia. Kuku akalia. Kicheko tena! Hicho kicheko!

Lakini Bwana Mapazia wakati huo nilimwona kwa macho yangu upande wa pili wa barabara, anapima upepo wa baiskeli yake, simu haiko mkononi. Basi si yeye. Kuna mwingine! Kesho nitamfumania.


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Ngoja nipumue. Nitakueleza kwa mpangilio, ingawa wewe ndiye mchongezi wa mambo haya yote.

Mapazia yalibaki mawili. Nilikaa nje ya mlango tangu asubuhi, nikakuambia mipango yangu ya kumfumania, tena nikakusifu kwa kutunza siri. Kuku akalia. Nikahesabu pumzi. Kicheko. Nikasukuma mlango kwa bega, pwaa! Nikasema leo utanitajia jina lake!

Hakuna mtu. Binti yangu amekaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa, miguu ameinyoosha, simu yake usoni, machozi yanamtiririka. Hawezi kusema. Ananyoosha kidole kwangu, anarudi kwenye simu, anacheka. Kisha akavuta pumzi akasoma kwa sauti: "leo utanitajia jina lake, ndivyo nitakavyosema, halafu nitasimama mlangoni asipite."

Maneno yangu! Dakika ile ile nimetoka kuyasema!

Akasoma mengine. Kuku wa kitoweo. Unga mpaka viwiko. Mwanamke aliyeposwa yeye. Mto unavyochukua kandambili. Sauti yangu inatoka kwenye mdomo wake, na nyusi zile. Akasema mama, nilikuambia siku ya kwanza kwamba nasoma. Nikasema nilidhani huna dakika. Akasema ninazo tano, kila kuku akilia.

Ndiyo maana lastiki! Ndiyo maana ile Jumatano hakupiga kelele, alijua kuku yuko wapi, akatumia nafasi akashona asubuhi yote, akalipia Jumanne yangu. Ndiyo maana akanikubalia pasi. Alijua yote! Nilikuwa mwizi ninayepiga ngoma.

Nilitaka kukasirika. Nilisimama nikatafuta hasira nikaikosa. Kwa sababu alisema jambo. Alisema mapumziko yangu yote ya wiki hii, mama, nimekaa na wewe. Alisema ile ya kapu aliisoma mara mbili. Akaniuliza kwani nililowa kweli? Nikasema nililowa, tangu kifuani mpaka magotini, machozi na maji ya mashuka.

Basi wiki nzima tumekaa pamoja, na mimi sikuwepo! Nilikuwa nje kwenye kigoda, nina wivu na mtu anayemchekesha humo ndani, kumbe ni mimi.

Kuku akalia kurudi kazini. Akajifuta macho na kipande cha pazia. Mchana Bwana Mapazia akachukua mzigo wake, akasema hili la bafuni zuri sana, nani kabuni ufupi wake? Binti akasema mama.


Jumapili, tarehe 10 Machi

Siku yangu!

Kuku aliingia kabatini kabla ya chai, nikamgeuzia uso ukutani mwenyewe. Tukakaa kizingiti cha nyuma, penye kivuli, mimi chini juu ya mkeka, yeye juu kwenye ngazi, kichwa changu katikati ya magoti yake. Kitana, mafuta, vidole. Vidole vyake vina ngozi ngumu ncha, vya kusukuma kitambaa, lakini kichwani ni vyepesi kama kuku wa kweli anayeparua.

Nikaanza. Nilikuwa na mengi niliyoyaweka akiba. Nilianza na paka, nikaja kwa wakwe, nikarudi karoni. Yeye anasema "ehe!" Anasema "usiniambie!" Anasema "sasa yule mwanamke akafanyaje?" Halafu yeye mwenyewe akaanza. Maneno yake hayakuisha! Yalikuwepo! Akanieleza wateja wake, bibi harusi aliyenenepa kati ya kipimo na kipimo, na jinsi anavyoogopa macho yake yataanza kuchoka kama yangu. Akaniuliza mama, unakumbuka nilikuwa nakuuliza maji yanakwenda wapi? Nikasema nakumbuka. Akasema hukunijibu. Nikasema sikujua, na mpaka leo sijui.

Jua lilikuwa tamu. Mikono ile kichwani. Nikajiambia nifumbe macho kidogo, nusu dakika, ili nimsikilize vizuri zaidi.

Nimeamka kivuli kimehama ukuta mzima!

Nililala! Siku yangu, siku moja, niliyoipigania kwa unga na kwa pasi, nimeilala kama gunia! Na mate kwenye goti la mtu! Nywele upande mmoja zimesukwa, upande mwingine zimesimama. Yeye yuko pale pale alipokuwa. Hakusogea. Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi mpaka kiuno, ikabidi nimsugue.

Nikamlaumu sana. Kwa nini hukuniamsha! Muda wote huo umepotea! Akasema haujapotea, mama, hayo ndiyo mapumziko yenyewe. Akasema nilikuwa nakusikiliza unavyokoroma. Mimi sikoromi.

Akamalizia upande wa pili taa ikiwa imewashwa. Nilikuwa nashika kila kidole kinavyopita, nisikipoteze.


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kuku ametoka kabatini. Mlango umefungwa. Tik tik tik. Madirisha ya banda, juu na chini, yote niliyoyatafuta mwenyewe kwa mdomo wangu.

Lakini mimi sasa nimeerevuka, simu. Wiki iliyopita nilikuwa mjinga, niligombana na kuku. Kuku hana kosa. Kuku anafungua mlango. Nimejifunza. Sitamgusa tena shingo, sitamtia kwenye unga, pasi naiangalia kwa mbali tu. Nitakuwa mama mtulivu wa kigodani, kila mtu atanishangaa.

Ila nina mpango mdogo. Huu ni salama kabisa.

Binti yangu anasoma dakika tano. Sivyo? Na akianza kusoma habari haachi katikati, namjua, hata utotoni nilikuwa siwezi kumlaza kabla sijamwambia fisi alikufa au hakufa. Sasa mimi nikikuambia habari fupi, anamaliza, anarudi kazini. Nikikuambia habari ndefu, ndefu kweli, isiyo na pa kupumulia, dakika tano zitakwisha yeye bado yuko katikati. Kuku atalia, naye atasema ngoja kidogo nijue mwisho. Na mwisho siutoi! Kila akikaribia, naongeza. Sijamgusa kuku, sijavunja sheria, nimekaa kwenye kigoda changu na mikono yangu mapajani.

Najua atayasoma haya. Ndiyo sasa, mwanangu, soma. Utafanyaje?

Kriiing. Hiyo ya mapumziko. Mguu wa cherehani umeinuliwa. Kimya... Anasoma. Anacheka! Ameanza kucheka kwa fisi, naona.

Nangoja. Nimeweka sikio mlangoni, saruji ya kizingiti inanipoza magoti.

Kriiing tena. Hiyo ya kazi. Haya, mapazia ya Bwana Mapazia, muda umefika. Nasikiliza. Cherehani haijaanza. Cherehani haijaanza! Bado yuko na mimi humo ndani. Ngoja niongeze haraka, asije akafika mwisho. Sasa, pale karoni, simu, andika, kulikuwa na mwanamke mmoja mfupi, mweusi wa kung'aa, anafua kwa mkono wa kushoto, na siku moja akakuta kwenye shuka la watu kitu ambacho mpaka leo sijapata kumwambia mtu, lakini kabla sijasema ni nini, lazima kwanza nikueleze habari ya mama yake